Shajara ya mashine tatu za Kisauni: RAM ya bei kubwa inaongeza nini kwenye gemu?

6 Septemba 2025, Jumamosi

Leo mpwa wangu amekuja na pesa mkononi. Shilingi 14,500, nyingi zikiwa noti za mia na za mia mbili, bado zina harufu ya mafuta ya viazi karai, maana jioni humsaidia mamake kuuza kando ya barabara na hizo ndizo anazopewa. "Mjomba, muuzaji kaniambia nikiweka RAM hii mashine haitagandaganda tena." RAM ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ile inayotumika wakati mashine imewaka. Akanionyesha picha kwenye simu: vipande viwili vya GB 8, mabati meusi marefu, taa juu zinabadilika rangi, kasi 3600. Picha ya pili ilikuwa RAM ya kawaida, nayo vipande viwili vya GB 8, kasi 3200, haina taa, shilingi 6,800. Kati ya hizo mbili kuna shilingi 7,700.

Sikumjibu papo hapo. Nimemwambia aziweke pesa zake mpaka nipime. Kijana ameunguzwa vidole na mafuta miezi mitatu kupata pesa hizo, na mimi ninayemwekea mashine sina haki ya kumjibu kwa maneno niliyoyasikia barazani. Nitapima, na kila nikipima nitaandika hapa.

Chumba chetu cha gemu hapa Kisauni, Mombasa, kina mashine mbili zinazofanya kazi, na ya tatu nimo katika kuiunganisha. Ya kwanza ina prosesa ya Ryzen 5 5600G na haina kadi ya picha. Picha zinatengenezwa na prosesa yenyewe. Hiyo ndiyo inayoganda, na ndiyo anayoichezea mpwa. Ya pili ina Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600 yenye GB 8 zake. Ya tatu ina prosesa ya Core i5-10400 kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine) ya H410, bado haina RAM. Nitapima usiku baada ya kufunga, mandhari yaleyale, mara tatu kila kipimo, na nitaandika wastani wa fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi mashine inazichora kila sekunde, pamoja na zile fremu za chini, yaani ile asilimia moja mbaya kuliko zote. Hizo za chini ndizo mchezaji anazozilalamikia. Hakuna mtoto aliyewahi kuja kuniambia wastani umeshuka. Huja wakisema "imekwama nikapigwa".

7 Septemba

Kabla ya kununua chochote nimeichunguza mashine ya kwanza ilivyo. Nimefungua Task Manager huku GTA V ikiwa inacheza. RAM: kipande kimoja cha GB 8. Inayotumika: GB 5.9 tu. Kasi: 2400. Iliyojaa: asilimia 94.

Hapo nikaelewa nusu ya ugonjwa. Prosesa ya aina hii haina kumbukumbu yake ya picha, kwa hiyo huazima kutoka RAM ya mashine, na madabodi hii imeitengea GB 2 moja kwa moja. Zinabaki chini ya 6. Windows inachukua zake, programu ya sauti ya kuongelea na wenzake inachukua zake, gemu inabanwa. Ikikosa nafasi inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski yetu ni ile ya kuzunguka, ya zamani. Kila gari la mchezo likikata kona ya mtaa mpya, diski inalia, picha inasimama.

Nusu ya pili ya ugonjwa ni kwamba kipande ni kimoja. Prosesa hii ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na kipande kimoja kinatumia njia moja tu. Kwa kasi ya 2400 njia moja inapitisha GB 19.2 kwa sekunde, basi, na hapo wanagombania prosesa na picha. Kadi ya RX 6600 iliyo kwenye mashine ya pili ina GB 224 kwa sekunde za kwake peke yake. Ukiziweka namba hizi mbili pamoja unaona kwa nini mashine isiyo na kadi inalia njaa.

Vipimo vya leo, GTA V, 1080p, mipangilio ya kawaida: wastani 41, za chini 14. Hiyo 14 ndiyo anayoiita kuganda.

10 Septemba

Nimepata kipande cha pili cha GB 8, jina lilelile na muundo uleule, kutoka mashine ya jirani yangu aliyehamia laptopu. Kaniuzia shilingi 2,500.

Kufungua kasha hapa kwetu ni kazi kidogo. Tuko karibu na bahari na madirisha hayafungwi, upepo unaingia na chumvi yake. Nilipokitoa kile kipande cha zamani, meno yake ya dhahabu yalikuwa na ukungu wa rangi ya chai, na ndani ya nafasi yake mlikuwa na vumbi limeshikana kama unga uliolowa. Nimesugua meno kwa raba ya penseli, ile nyeupe laini, polepole kuelekea upande mmoja, kisha nikapangusa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Nafasi nimeipuliza na kuipitisha brashi ya meno mpya. Kazi ya dakika ishirini. Mwenye mashine Pwani ambaye RAM yake "imekufa" ajaribu hili kwanza.

Halafu nikaona kosa la fundi aliyeiunganisha: kipande kilikuwa nafasi ya kwanza, iliyo jirani na prosesa. Madabodi nyingi zenye nafasi nne zinataka vipande viwili vikae ya pili na ya nne. Nimeviweka hapo. Bila kugusa kitu kingine, kasi bado 2400: wastani 58, za chini 36.

Nikaingia BIOS, mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Vipande hivi vimeandikwa 3200 ubavuni, lakini vinapowashwa mara ya kwanza hukimbia kasi ya chini iliyo salama kwa kila madabodi, na hubaki hapo milele mpaka mtu awashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa ubavuni. Mashine hii haikuwahi kuwashiwa. Imekuwa na RAM ya 3200 mwaka mzima ikitumia 2400. Nimewasha, nikahifadhi, ikawaka: wastani 67, za chini 43.

Nimemwita mpwa saa nne usiku aje acheze mwenyewe. Alizunguka mjini wote na gari, akapita darajani, akarudi. Hakusema neno kwa dakika kumi. Kisha: "Mjomba, umeweka ile ya taa?"

11 Septemba

Kwa kumbukumbu: kutoka 41 mpaka 67, na kutoka 14 mpaka 43 kwa zile za chini, kwa shilingi 2,500 na raba ya penseli. Swali la mpwa bado liko palepale, lakini sasa limebadilika. Mashine haigandi tena. Je, ile ya 14,500 itaongeza nini juu ya hapa?

13 Septemba

Mteja mmoja amekuja amekasirika na mashine yake ya nyumbani. Ameweka CPU-Z, programu ya kusoma vilivyomo kwenye mashine, akaona RAM yake inasoma 1600 wakati amelipia 3200, anataka twende naye dukani akarudishiwe pesa. Nimemkalisha. DDR maana yake ni kwamba data hupita mara mbili katika kila pigo la saa; saa inapiga 1600, data inapita mara 3200. Programu ile inaonyesha mapigo. Hakuibiwa. Ila nikamuuliza una vipande vingapi, akasema kimoja cha GB 16. Nimemwandikia kwenye karatasi anachohitaji kununua.

Wizi wa kweli upo, na ni tofauti: kibandiko kinasema 3200 na chipu yenyewe, ukiisoma kwenye ukurasa wa SPD wa programu hiyo, unaoonyesha maelezo yaliyomo ndani ya RAM, inasema 2666 na haina XMP kabisa. Kabla hujatoa pesa kwa RAM ya mtumba, omba iwashwe uusome ukurasa huo mbele ya muuzaji.

20 Septemba, Jumamosi

Rafiki yangu wa Nyali anayehariri video ameniazima RAM yake kwa wiki moja. Hii ndiyo ghali ya kweli, ghali kuliko ile aliyoonyeshwa mpwa. GB 16 kwa vipande viwili, na ubavuni imeandikwa: DDR4-3600, 16-16-16-36, 1.35V. Ile ya kawaida tuliyonayo imeandikwa DDR4-3200, 16-18-18-38, 1.35V.

Nieleze namba hizi kama ninavyomweleza mpwa. 3600 ni mara ngapi data inapita, kwa mamilioni kila sekunde. Hiyo 16 ya kwanza ni mapigo ambayo prosesa inangoja tangu iombe kitu mpaka kianze kufika. Ukitaka kujua kungoja kwenyewe ni muda gani, zidisha 16 kwa 2000 kisha gawa kwa kasi. Kwa 3200 inatoka nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) 10 kamili. Kwa 3600 inatoka 8.9. Kwa hiyo tofauti kubwa ya bei inanunua nanosekunde moja na kidogo. RAM ya 3600 yenye 18 badala ya 16, ambayo huuzwa bei ya kati, inatoka 10 vilevile. Wengi wananunua namba 3600 bila kuitazama hiyo 18, wakidhani wamepanda ngazi nzima. Wanachoongeza ni upana wa njia, muda wa kungoja haujasogea.

Kuiweka mashine ya kwanza hakukuwa na shida. Skrini ilikaa nyeusi karibu dakika nzima, feni zinazunguka, mpwa akanitazama kwa hofu, nami nikamwambia angoje: madabodi inajaribu na kupima RAM mpya, usizime. Ikawaka. Wastani 71, za chini 46.

Ilikuwa 67 na 43.

Nimerudia mara sita badala ya tatu, kwa sababu nilitaka nimtendee haki mwenye RAM. Ni zilezile, 70, 71, 72. Faida ipo. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha kila GB ya upana inaonekana, na hapa tumetoka 51.2 kwenda 57.6 kwa sekunde. Fremu nne. Nimemkalisha mpwa kwenye kiti bila kumwambia ipi ni ipi, nikabadilisha mara tano. Alipatia mara mbili, akakosea mara tatu.

21 Septemba

Leo zamu ya mashine ya pili, na imenitoa jasho. Nilipoijenga niliweka kipoza cha prosesa cha mnara, kirefu, kwa sababu Kisauni mwezi wa Februari chumba hiki ni tanuri. Feni ya kipoza inaning'inia juu ya nafasi ya RAM. RAM ya kawaida ni fupi, inapita chini ya feni bila kugusa. Hii ya mabati marefu ilifika nusu ikakwama. Nimelegeza vibanio vya waya, nikaipandisha feni kiasi cha upana wa kidole, RAM ikaingia, na sasa ubavu wa kasha haufungi. Nimepima kasha likiwa wazi. Mtu anayenunua RAM ya bei kubwa pamoja na kipoza cha mnara apime kwanza kwa rula kimo cha bati, la sivyo atarudi dukani mara ya pili.

Mabati yenyewe yanapoza kidogo mno kwa kazi hii. RAM ya DDR4 kwenye volti 1.35 haichomi kiasi cha kudai mnara juu yake.

Forza Horizon 5, mipangilio ya juu: kwa RAM ya kawaida wastani 97, kwa RAM ya Nyali 97. Hapa kadi ndiyo inayofanya kazi yote, prosesa inaingojea, na RAM iwe ya dhahabu iwe ya bati hainunui hata fremu moja.

Counter-Strike 2, mipangilio ya chini kama wanavyocheza vijana wa mashindano: kwa 2400 bila XMP, 212 na za chini 88. Kwa 3200 na XMP, 243 na 104. Kwa 3600 ya Nyali, 254 na 110. Hapa prosesa ndiyo inayobanwa, kwa hiyo RAM inaonekana. Tazama lakini kuruka kukubwa kuko wapi: ni pale kwenye kuwasha XMP, ambako ni bure. Na skrini yetu inaonyesha fremu 144 tu kwa sekunde. Fremu za 243 na za 254 zote zinapita uwezo wake.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wa hapa wanalijua kwa uchungu. Seva za Counter-Strike katika bara letu ziko Johannesburg. Kutoka Mombasa mpaka kule na kurudi ni makumi ya milisekunde hata siku mtandao ukiwa mzuri, na jirani akianza kutazama mpira kwa WiFi yetu zinazidi mia. Milisekunde moja ni nanosekunde milioni moja. Anayepoteza mapambano ya risasi hapa hajaangushwa na nanosekunde ile moja ya RAM. Waya wa mtandao kutoka ruta mpaka mashine, mita kumi, niliununua kwa shilingi 450.

24 Septemba

Nilitaka nijue zaidi kwa nini ile ni ghali, nikamwuliza mwenyewe. Chipu zake ni za Samsung, zile mafundi wanaziita B-die. Kiwandani chipu zote zinatoka kwenye kazi moja lakini hazitoki sawa. Zinapimwa, zinachambuliwa, zinazovumilia kasi kubwa kwa kungoja kidogo zinawekwa kando. Ni kama karafuu za Pemba: mti mmoja, mkono mmoja uliochuma, na bado kuna gredi ya kwanza na gredi ya tatu. Unalipia uchambuzi huo, unalipia bati, unalipia taa. Uchambuzi una maana kwake, kwa sababu yeye hupenda kuivuta RAM zaidi ya ilivyoandikwa.

27 Septemba

Nimejaribu kuivuta, kwa ruhusa yake. Nimeshusha 16 kuwa 14, nikapandisha volti mpaka 1.45. Juzi usiku niliitesa kwa TestMem5, programu ya kusaka makosa ya RAM, saa mbili huku kadi ya picha ikifanya kazi, hakuna kosa hata moja. Nikalala nimefurahi.

Jana baada ya Alasiri nimeitesa tena. Chumba nyuzi 33, kipimajoto cha RAM kinasoma 54, hewa ya moto ya kadi inapanda moja kwa moja kwenye vipande. Dakika ya kumi na nane: kosa. Ya ishirini na mbili: makosa mawili. Gemu ilikuwa bado inacheza vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Kosa la RAM halianguki na mlio. Linaweza kukaa kimya likaandika uchafu kwenye faili uliyohifadhi, ukaligundua baada ya mwezi wakati hifadhi ya mchezo haifunguki au Windows haiwaki.

Aina hii ya chipu ikivutwa hivyo inachukia joto, na Mombasa joto ndilo tulilo nalo. Anayeipima Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 atapata majibu ambayo mimi siwezi kuyaahidi hapa. Nimerudisha kwenye XMP yake, nikaitesa tena Alasiri ya leo, ikapita safi. Jioni nimeipeleka Nyali na shukrani.

4 Oktoba, Jumamosi

Tumekaa na mpwa nje, kahawa na kashata, daftari katikati yetu. Nimempa namba zote asome mwenyewe. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali la haki: "Na nikizitaka taa tu, mjomba?"

Nimemwambia taa si dhambi. Mtu anayeipenda mashine yake ikipendeza anunue kinachompendeza, kama anavyonunua shati la Idi. Asiambiwe tu kwamba shati litamfanya aruke juu zaidi. Aliyeniudhi ni yule aliyemwambia mtoto wa viazi karai kwamba kuganda kwa mashine kunatibiwa kwa taa, bila hata kuuliza mashine ina vipande vingapi.

Amechagua mwenyewe. RAM tuliyonayo, GB 16 kwa vipande viwili, inabaki. Kati ya zile 14,500, shilingi 4,200 zimenunua SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ya GB 480 kuchukua nafasi ya diski ya kuzunguka. Zilizobaki amempa mamake azishike. Leo hii GTA V inafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti, na ile mikwamo midogo ya kuingia mtaa mpya imeisha. Za chini zimekuwa 49, juu ya zile za RAM ya Nyali.

18 Oktoba

Swali kutoka kwa kijana wa Bamburi anayejenga mashine mpya yenye Ryzen 7 7800X3D na RAM ya DDR5, kizazi kinachofuata DDR4 yetu. Ameambiwa achukue ya kasi 8000. Nimempigia hesabu ileile: 6000 yenye 30 ni nanosekunde 10, sawasawa na DDR4 yetu ya 3200 yenye 16, upana tu ndio umekua. Na prosesa yake ina MB 96 za akiba ya ndani; yangu ya 5600 ina 32, na 5600G ina 16. Akiba hiyo ni kabati la viungo lililo jikoni. Mwenye kabati kubwa hatoki kwenda dukani kila anapotaka binzari, kwa hiyo hata duka likiwa mtaa wa pili chakula hakichelewi. Prosesa za X3D, zenye akiba kubwa kama hii, ndizo zenye haja ndogo kuliko zote ya RAM ya kifahari. Achukue 6000 yenye 30, vipande viwili, na pesa iliyobaki aiongeze kwenye kadi ya picha.

4 Desemba

Nilichelewa kununua RAM ya mashine ya tatu na sasa naumia. Nilisema mwezi ujao, mwezi ujao. Leo nimepiga simu Nairobi, duka lilelile: vipande viwili vya kawaida vilivyokuwa 6,800 sasa ni 13,000. Ile ya taa iliyokuwa 14,500 ni 24,500.

Jana Micron wametangaza kwamba wanaacha kuwauzia watu wa kawaida RAM na SSD chini ya jina la Crucial. Watapeleka mzigo mpaka mwisho wa Februari 2026, basi. Sababu wanayoitoa ni vituo vya data vya akili mnemba, vinavyomeza chipu zote. Makampuni makubwa ya chipu hizi ulimwenguni ni matatu, Samsung, SK hynix na Micron, na yote yanafuata mteja huyo mmoja anayelipa zaidi. Sisi wa vyumba vya gemu tumesukumwa mwisho wa foleni.

Kwa bei hizi tofauti kati ya kawaida na ghali imekuwa shilingi 11,500. Kwa fremu nne. Kwa pesa hizo sasa ningetafuta kadi ya picha ya mtumba ya kuongezea mashine ya kwanza.

6 Desemba, Jumamosi

Mashine ya tatu imepata RAM. Madabodi yake ni H410, na kwa prosesa ya i5-10400 inafungia RAM kwenye 2666. Ukiweka ya 3600 itakimbia 2666. Ukiweka ile ya Nyali yenye B-die, taa na yote, itakimbia 2666. Nimeona watu wawili mwaka huu walionunua RAM ya 3600 kwa madabodi ya namna hii na hakuna aliyewaonya. Kabla ya kununua RAM ya kasi, isome kwanza karatasi ya madabodi na ya prosesa.

Basi nimekwenda kwa muuza kompyuta za ofisi zilizotoka Uingereza, zile za mtumba, nikachagua vipande viwili vya GB 8, 2666 yenye 19, volti 1.2, kijani kitupu bila bati. Nimeviwasha hapohapo kwenye mashine yake, nikasoma SPD, nikahesabu meno. Shilingi 5,000 vyote viwili, maana yeye bei ya Nairobi bado haijamfikia. Nimesugua kwa raba, nimevipeleka nyumbani, kipimo cha RAM cha MemTest86 kimepita mizunguko minne kuanzia adhuhuri mpaka Magharibi, saa za joto.

Na kadi ya GTX 1650 niliyokuwa nayo, Counter-Strike inacheza 120 na ushei, haikwami.

13 Desemba

Mashindano ya mtaa ni wiki ijayo, timu nane. Mpwa amebandika karatasi ukutani kwa mwandiko wake, nami sikumsaidia neno: "Kabla ya kulalamika: 1. Vipande viwili? 2. Nafasi ya pili na ya nne? 3. XMP imewashwa? 4. Diski imejaa? 5. Waya wa mtandao umechomekwa?" Leo Alasiri kijana wa Mishomoroni kaja na mashine yake imekumbatiwa kwenye leso ya mamake, inaganda. Nilikuwa nasali. Niliporudi nimemkuta mpwa ameshaifungua, raba mkononi, anamuuliza mwenziwe, "Ulinunua kipande kimoja au viwili?"